Kikofia cha Kijani

Mama Zelda Pruitt alisimama mlangoni pa stoo yake, mikono kiunoni, akamwangalia mpelelezi kama mtu anavyomwangalia fundi bomba aliyechelewa.

"Angalia usikanyage jemu," alisema. "Na usiniulize tena kama nina maadui. Maadui zangu wote nimeshawazika, na keki za misiba yao nilioka mwenyewe."

Dagny Rustad, mpelelezi wa polisi wa wilaya, aliinua mguu akautua palipokuwa pakavu. Stoo ilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, haina moto wala taa, na baridi ya Machi ya Montana ilikuwa imejikalia humo kama mwenye nyumba. Chupa za rafu ya katikati zilikuwa zimepasuka zote. Jemu ya plamu, kazi ya kiangazi kizima, ilikuwa imemwagika ikaganda sakafuni, ngumu kama sabuni ya mche.

"Mlio wa bunduki uliusikia lini?"

"Jumatatu asubuhi. Mmoja tu, kutoka kwa Orville. Nikasema mzee kaona mbweha. Jumanne nikaja kuchukua chupa, nikakuta balaa hili. Nikampigia simu Corinne, binti yake, kule Billings. Hapo ndipo nilipokosea. Ningenyamaza nikadeki."

"Ungenyamaza, risasi ya pili ingeingia jikoni."

"Ingeingia ikanikuta nimeshiba, basi." Mama Pruitt alivuta shali mabegani. "Sasa Corinne anamhamisha. Jumamosi hii. Nyumba ya wazee, mjini, ghorofani. Orville na ghorofa wapi na wapi? Na mimi nitagombana na nani?"

Hapo ndipo kesi ilipokuwa nzito, wala si kwenye jemu. Mzee Orville Teske, jirani wa Mama Pruitt, alikuwa amefiwa na mke na anaishi peke yake na kuku wake. Kwa miaka mingi ndiye aliyewafundisha watoto wa Bonde la Tansy usalama wa bunduki, kila Jumamosi, katika jumba la zimamoto. Dagny mwenyewe alipita mikononi mwake, na mpaka leo akishika bunduki humsikia mzee yule akimkemea sikioni. Lakini siku hizi Orville alikuwa ameanza kusahau. Ikithibitika kwamba risasi hii ni yake, bunduki zitachukuliwa, nyumba itafungwa, na mzee atapelekwa kwenye chumba kinachotazama maegesho ya magari.

Dagny alitamani sana awe mtu mwingine. Kwa sababu alitamani hivyo, alijilazimisha kwenda polepole, maana mpelelezi anayelipenda jibu fulani huliona hata mahali ambapo halipo.

Alianza na tundu la ukutani. Halikuwa la duara. Lilikuwa refu na jembamba, kama tundu la ufunguo, maana yake risasi iliingia kwa ubavu, ikiwa inapinduka njiani. Risasi iliyotoka moja kwa moja kwenye mtutu haiingii hivyo. Chini ya tundu, juu ya vioo na jemu iliyoganda, kulikuwa na kirundo cheupe kisichozidi kijiko cha chai. Alikigusa kwa kidole. Kilikuwa theluji laini kama unga, iliyopeperushwa ndani kupitia tundu lile.

"Mama Pruitt, theluji ilianguka lini mara ya mwisho?"

"Jumapili usiku. Nilirudi kutoka kushinda kanisani, na upepo wake ukaniangushia kamba ya nguo. Tangu siku hiyo hakuna kitu."

Dagny aliinama tena juu ya kile kirundo. Theluji ilikuwa juu ya vioo, si chini yake. Vioo vilipasuka kwanza, theluji ikaja baadaye. Kwa hiyo mlio wa Jumatatu, ambao bonde zima lilikuwa linauzungumza, haukuhusika hata kidogo.

Alitoa kisu akachimbua nguzo iliyokuwa nyuma ya rafu mpaka kichwa cha risasi kikaangukia kiganjani. Kilikuwa cha kumiminwa nyumbani, si cha dukani. Pua yake ilikuwa imepondeka, na ubavuni kilikuwa na mstari mwembamba ulioinuka kama unywele. Mstari huo kila mtu bondeni aliujua. Kalibu ya Mzee Orville ya kumiminia vichwa vya risasi ilikuwa na mkwaruzo tangu ilipoangushwa zamani, na kila kichwa kilichotoka humo kilizaliwa na alama hiyo.

"Ni cha kwake," Mama Pruitt alisema, na safari hii hakuwa na utani.

"Kichwa ni cha kwake," Dagny alijibu.

Alikigeuza kuelekea mwanga wa mlangoni. Kitakoni kilikuwa kimevalishwa kikofia cha alumini, kama ilivyo desturi, maana bila kikofia moto wa baruti hulamba kitako cha risasi ya kumiminwa na kuiharibu kabla haijatoka mtutuni. Watu wengi bondeni walinunua vikofia vya shaba. Orville alijitengenezea vyake kwa makopo ya bia, na vilikuwa vyeupe vya kung'aa.

Hiki kilikuwa cha kijani.

*

Corinne Teske alikuwa uani kwa baba yake, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Lilikuwa gari la kazi, lina ngazi juu na vumbi la mabati nyuma, kwa kuwa Corinne alikuwa fundi wa mifereji na kingo za mapaa huko Billings. Alikuwa anakwangua kwa utepe wa bati uliotobokatoboka, umejaa barafu pande zote. Ndivyo alivyolelewa, kilicho karibu na mkono ndicho kifaa. Shingoni alikuwa amevaa kamba yenye ufunguo mdogo.

"Umeipata?" aliuliza.

"Nimeipata."

"Ni yake?"

"Kichwa ni cha kalibu yake."

Corinne aliacha kukwangua. Alitupa ule utepe juu ya dashibodi, akaufunga mlango kwa upole kuliko ulivyohitaji kufungwa. "Dagny, mimi sifurahii. Jumapili nilikuwa hapa, tumekula wote, mzima kabisa, akaenda kulala mchana wake kama kawaida. Nikaondoka nina amani. Halafu Jumanne napigiwa simu. Nimekuja, nimefunga kabati la bunduki. Leo asubuhi kala mayai na soseji mbele yangu, na kabla sahani haijakauka akaniuliza kama kala."

"Nipe muda kidogo."

"Una mpaka Jumamosi. Chumba kinamsubiri." Aligusa ufunguo wa shingoni. "Afadhali anichukie akiwa hai kuliko anipende akiwa ameua mtu."

Dagny alishika njia ya karakana. Yeye na Corinne walikuwa wamekaa dawati moja kwenye darasa la mzee huyu, na alijua Corinne hakuwahi kumpenda mtu mwingine kama alivyompenda baba yake.

*

Mzee Orville alikuwa kwenye karakana yake, amekaa juu ya kigoda mbele ya meza ya kazi, koti limefungwa mpaka kidevuni, vifaa vya kusikia masikioni. Alipomwona Dagny alinyoosha mgongo.

"Andika ni mimi," alisema.

"Sijauliza kitu, mwalimu."

"Nakupunguzia kazi, binti. Jumatatu nilipiga moja kumfukuza mbweha kwenye kuku. Naona kama nilipiga kwenye sanduku la mchanga. Lakini kama nasahau mayai niliyokula, kwa nini nisisahau mahali nilipoelekeza bunduki? Zelda angeweza kuwa humo ndani anachagua chupa. Andika, tumalize."

Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya goti. Dagny aliona uchungu, akavuta ndoo na kukaa juu yake ili wawe sawa.

"Kwa nini sandukuni? Si kuna tuta la udongo pale nyuma? Ndiko ulikotufundishia kulenga."

Orville alimgeukia. Uso ulikuwa uleule wa Jumamosi za zamani.

"Dagny Rustad. Tuta likiganda, tunafanyaje?"

Dagny alijikuta amekaa wima juu ya ndoo. "Hatulipigi, mwalimu. Udongo ulioganda hurudisha risasi."

"Kumbe ulikuwa unasikiliza. Nilidhani unachora farasi." Aliachia tabasamu dogo. "Kuanzia theluji ya kwanza mpaka tope, mimi ni sandukuni tu. Hasa na risasi zangu, ni ngumu mno. Ukizipiga juu ya ardhi iliyoganda zinarukaruka kama kijiwe juu ya bwawa, na huko zinakokwenda hakuna ajuaye."

Dagny alilikumbuka lile tundu refu la ukutani. Risasi iliyogonga kitu kigumu, ikaruka, ikapinduka, ikaingia kwa ubavu. Mtu alikuwa amelipiga tuta lililoganda. Na mzee huyu, aliyesahau mayai, hilo hakulisahau.

"Nitengenezee kikofia," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kama unavyovitengeneza siku zote."

Orville hakuhitaji kubembelezwa. Alichukua vipande viwili vya kopo la bia akavibandika pamoja, maana kimoja ni chembamba mno, akaviingiza katikati ya vipande viwili vya chuma vyenye tundu. Akaweka msumari mnene wa chuma juu ya tundu, akanyanyua nyundo. Pigo la kwanza lilikata duara. Pigo la pili lilipaswa kulisukuma liwe kikombe, lakini kifundo cha mkono kilimsaliti, nyundo ikaenda upande, na mzee akatoa neno ambalo darasani lilikuwa marufuku. Alirudia. Kikofia kikatoka, cheupe, ukingo umekunjamana kama pindo la pazia lililoshonwa kwa haraka.

Dagny alikiweka chini ya taa, akatoa kichwa cha risasi mfukoni na kukiweka kando yake.

Orville alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Hiki cha kijani hakikugongwa nyundo," alisema polepole. "Tazama ukingo. Hauna kunyanzi hata moja. Na huu mkwaruzo wa ubavuni umenyooka kutoka juu mpaka chini. Hiki kimesukumwa, pigo moja, kwa mashine ya mkono. Halafu bati lake ni zito, si kopo. Ni bati la tabaka moja."

"Wewe unacho kifaa cha kusukuma?"

"Ningekuwa nacho ningekuwa nagonga vidole hivi?" Sasa mzee alikuwa amesahau kwamba ni mshukiwa. "Tangu kulungu waliposhuka milimani mimi ni kuchagua tu kati ya vifaa viwili. Cha nyundo nimekizoea, hakina makuu, hakitaki mashine. Ila mkono wangu ndio huo umeuona. Cha kusukuma unakikaza juu ya mashine ya kushindilia risasi, unaingiza utepe wa bati, unavuta mkono wa mashine mara moja, kikofia kinadondoka. Raha tupu. Lakini kina maringo. Bati likiwa jembamba kidogo kinakwama, likiwa nene kidogo kikofia hakivaliki. Nikiamka nakitaka hiki, nikinywa kahawa nakitaka kile."

"Na nani anajua kwamba unachagua?"

"Sema nani hajui. Corinne nimemchosha kwenye simu. Zelda amenipiga marufuku kulitaja jambo hilo mezani kwake. Verlan ndiye anacho cha kusukuma, kila tukikutana ananiringia."

"Na vichwa vya kalibu yako, nani anavyo?"

"Bonde zima. Mtu akiniletea pai, siwezi kumrudisha mikono mitupu."

Dagny aliinuka. Alikuwa na mambo mawili yaliyokataa kukaa pamoja mkononi mwa mtu mmoja, yaani kichwa cha Orville na kikofia kisicho cha Orville.

"Kwa hiyo nisubiri pingu?" mzee aliuliza.

"Subiri chakula cha mchana, mwalimu. Na uvae glavu."

*

Verlan Stroh alikuwa mkuu wa posta ya bonde mpaka alipostaafu, na tangu siku hiyo alikula mchana wake katika jumba la zimamoto kila Jumatano, siku ya supu ya maharage na mkate wa mdalasini wa kuviringishwa. Dagny alimkuta amejichimbia pembeni, leso shingoni, mkate haujaguswa. Mkate aliuweka mwisho, kama mtoto.

"Una kifaa cha kusukuma vikofia," Dagny alisema akikaa.

"Ninacho. Orville ananionea wivu mpaka nguo hazimtoshi."

"Jumapili ulipiga bunduki?"

"Jumapili nilikuwa kanisani, halafu kwa dada yangu, halafu kitandani na tumbo lililouma kwa sababu ya dada yangu. Muulize."

"Nionyeshe vikofia vyako."

Verlan alitoa mfukoni kichupa cha vidonge. Watu wa klabu ya bondeni ya kumimina risasi wote hutembea na vichupa vya namna hiyo, maana desturi yao mtu hanunui kifaa mpaka mwenzake aliyekinunua ampe vikofia vichache avijaribu kwenye risasi zake. Alivimwaga mezani. Vilikuwa vya shaba, vinene, vimepita kipimo cha bunduki ya Orville kwa mbali.

"Bunduki yangu inakula vikubwa," alisema. "Kifaa changu hakitoi vidogo hata ukikipigia magoti. Kila kipimo kina kifaa chake."

Basi Verlan akawa amejitoa. Dagny alikuwa ametumaini ni yeye. Alitoa kichwa cha risasi akakiweka katikati ya vile vya shaba, kitako juu.

Kijiko cha Verlan kiliishia njiani.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kwenye nguzo ya stoo ya Mama Pruitt."

"Lakini ile si ya Jumatatu? Si Orville na mbweha wake?"

"Ilikuwa imo tangu kabla ya theluji ya Jumapili usiku."

Verlan aliweka kijiko chini. Uso wake mpana ulibadilika rangi kuanzia shingoni kwenda juu. Alitazama dirisha, akatazama dari, akarudisha macho kwenye kile kikofia cha kijani.

"Niliapa," alisema.

"Kwa nani?"

"Nikisema kwa nani si nimeshasema? Niulize kitu kingine, afande. Mimi nimebeba barua za watu maisha yangu yote, sijafungua hata moja."

Dagny alimfahamu. Ungemng'oa kucha asingefungua mdomo. Alisogeza sahani ya mkate mbele yake, na kikombe cha kahawa kando.

"Usiseme kitu. Wewe kula. Huyo mtu akiwa mwanachama wa klabu yenu, kunywa kahawa. Kama si mwanachama, kata mkate."

Verlan alitafakari kama kiapo chake kilihusu mkate. Kisha alikata kipande akakila.

"Alikuja kwako akitaka kifaa cha mtu ambaye mkono wake unatetemeka?"

Kipande cha pili.

"Alikuwa na bati lake mwenyewe, akavitengenezea gerejini kwako, kwa mashine yako, na risasi za kujaribia mkashindilia hapohapo?"

Verlan alitia mdomoni kilichobaki chote. Alitafuna muda mrefu, macho yamelowa, na Dagny hakujua kama ni ukubwa wa tonge au ni kitu kingine.

"Sina zaidi," alisema alipomeza. "Mkate umeisha. Ila mtu huyo, afande, hana moyo mbaya. Nakwambia hana."

"Najua," Dagny alisema.

Alijua kweli. Mtu asiye wa klabu, aliyekuwa amechoshwa kwenye simu majira yote ya baridi na habari za kuchagua kifaa. Mtu mwenye bati zito la alumini la rangi, lile la kuzibia kingo za mapaa. Na aliuona tena mkono wenye glavu ukikwangua barafu kwenye kioo, kwa utepe uliotobolewa.

*

Utepe ulikuwa bado juu ya dashibodi. Jua lilikuwa limepiga kioo, barafu imeyeyuka, na bati lilionekana wazi, la kijani, lina matundu ya duara yaliyopangwa kwa mstari kama vifungo vya shati. Dagny alifungua mlango, maana magari ya bondeni hayafungwi kwa ufunguo, akalinganisha. Kikofia kilikuwa kidogo kuliko tundu, kama inavyotakiwa, kwa kuwa duara likikatwa hukunjwa ukingo likawa kikombe. Rangi ilikuwa ileile. Unene ulikuwa uleule.

Aliuchukua utepe, akaufunga mlango. Hakuwa na hamu ya kuingia ndani.

Jikoni, sanduku la safari lilikuwa wazi juu ya kiti. Corinne alikuwa anakunja mashati ya baba yake, na baba mwenyewe amekaa mezani, glavu mkononi, anamtazama akikunja. Dagny aliweka utepe mezani, na kichwa cha risasi juu yake.

Corinne alitazama utepe kwanza. "Huo usiuonyeshe," alisema haraka. "Dagny, jamani. Hiyo ni siri, ni zawadi ya siku yake ya kuzaliwa."

"Jumapili mchana," Dagny alisema, "mzee alipolala, vifaa vyake vya kusikia vikiwa mezani, ulizijaribu zile risasi. Kwa bunduki gani?"

"Kwa yake. Ningejaribu kwa ipi tena?" Corinne alimgeukia baba yake, nusu anaona haya, nusu anacheka. "Baba, nilitaka kukufurahisha. Nisingeweza kukupa kifaa kibovu baada ya miezi yote uliyonipigia kelele. Nikapiga chache tu. Mahali salama kabisa, kwenye tuta, palepale ulipotu..."

Alikitazama kile kikofia cha kijani, kitako juu, kwenye kichwa kilichopondeka.

Hakuna aliyemsaidia. Orville alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa ya chini na wala haikuwa na hasira.

"Corinne. Tuta likiganda, tunafanyaje?"

Corinne alikaa chini, shati la baba yake mapajani.

"Hatulipigi," alisema, kwa sauti ya mtoto wa dawati la mbele.

Halafu akalia. Alilia bila kujificha, shati limemziba mdomo, na maneno yakawa yanatoka vipande vipande. Angeweza kumuua Mama Zelda. Na ni kwa kosa lake mwenyewe alitaka kumhamisha baba yake, amfungie bunduki zake, amtoe kwenye nyumba aliyoijenga na mama. "Nawe ukakubali," alisema. "Baba, ukakubali kwamba ni wewe."

"Nilikuamini," Orville alisema. "Ulisema nimesahau."

Aliinuka, akazunguka meza kwa kushikilia viti, akaweka ule mkono unaotetemeka juu ya kichwa cha bintiye. Dagny aligeuka akatazama kalenda ya ukutani, ambayo haikuwa na cha kutazama.

"Kaugonjwa kangu ka kusahau kapo," mzee aliendelea. "Tutakapeleka kwa daktari, kakatazamwe, na tutarudi hapa hapa. Sasa futa pua ulete hicho kifaa."

Kilikuwa kwenye gari, chini ya kiti, ndani ya karatasi yenye picha za bata. Walikwenda karakana wote watatu. Orville hakuichana karatasi, aliikunjua na kuikunja, akakishika kile kipande cha chuma karibu na miwani.

"Kumbe cha kusukuma."

"Verlan alisema kwa mkono wako..."

"Verlan ana maneno mengi." Lakini alikuwa ameshaanza kukikaza juu ya mashine. Corinne aliingiza utepe wa kijani. Mzee alishika mkono wa mashine, ukatetemeka naye, akauvuta. Mashine haikujali mtetemeko. Kikofia kikadondoka sahanini, laini, duara kamili, bila kunyanzi.

Alikigeuza chini ya taa kwa muda mrefu.

"Ukingo ni mrefu kidogo," alisema.

"Baba."

"Nasema tu." Alipangusa miwani ambayo haikuwa chafu. "Ni kizuri, binti yangu. Ningechagua hadi nife nisingechagua kizuri kama hiki."

Dagny alitoka nje kupiga simu. Mama Pruitt alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba plamu huiva Agosti, kwamba Corinne atakuja kuzitoa kokwa zote kwa mkono wake, na kwamba kwa upande wake yeye hakuona risasi yoyote, aliona panya mkubwa. Dagny alimwambia kwamba taarifa ya polisi haiwezi kuandikwa panya, ataandika ajali ilivyotokea. Mama Pruitt akasema aandike apendavyo, mradi Orville abaki.

Aliporudi ndani, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na Corinne amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Jumamosi una shughuli gani?" Orville alikuwa anauliza.

"Nilikuwa na..." Corinne alitazama upande wa jikoni, kwenye sanduku la mashati. "Sina shughuli."

"Unayo. Saa mbili asubuhi, jumba la zimamoto. Utakaa mbele na watoto wa darasa langu, utarudia darasa lote, na mtihani utafanya. Dagny ni shahidi."

"Ndiyo, mwalimu," Corinne alisema.

Alivua ile kamba shingoni, akaweka ufunguo wa kabati kwenye kiganja cha baba yake, akavikunja vidole vya mzee kimoja kimoja. Mzee aliutia ufunguo mfukoni, akapigapiga mfuko kuhakikisha.

"Leo asubuhi nimekula?" aliuliza.

Uso wa Corinne ulishuka. "Umekula, Baba. Mayai na soseji."

"Mayai mawili, na soseji uliiunguza," Orville alisema, akinyoosha mkono kuchukua utepe. "Nilikuwa naangalia kama na wewe unakumbuka."